MAJI YA UDHU NA NDEGE WA SHIMBA

 

Ndugu zetu Waislamu, katika Suratul-Mulk Mola wetu atuelekeza tuwatazame ndege walio juu yetu, wakunjuapo mbawa na wazikunjapo, tujue ni nani awashikiliaye. Aya hiyo haikuteremshwa isomwe kwa sauti nzuri tu. Yatutaka tutazame na tufikiri. Basi na tutazame palipo karibu nasi.

Kusini-magharibi ya Mombasa, katika nchi ya Kwale, pana uwanda wa juu wa Shimba, ulioinuka hata kufikia kiasi cha mita 450. Mwamba wake ni mchanga ulioshikamana ukawa jiwe, na umri wake wapita miaka milioni 200. Pepo za baharini hupanda huko na unyevu wake, na asubuhi ukungu hulala juu ya msitu. Mwaka 1968 mahali hapo palifanywa hifadhi ya taifa, na ndipo yalipo makao ya palahala katika Kenya.

Ndani ya msitu huo yumo hondohondo. Wakati wa kutaga, jike huingia katika tundu la mti na mlango ukazibwa, usisalie ila mwanya mwembamba. Dume huenda na kurudi, akimlisha matunda kwa mwanya huo, yeye na makinda yake. Ni nani aliyemfunza haki ya mke na watoto? Na kati yetu wako wanaume wenye akili na ilimu, na majumbani mwao mna njaa! Kisha kokwa azitupazo huota zikawa miti. Kwa kula kwake apanda msitu.

Na msitu ndio utushikiao maji. Mvua inyeshapo, majani na mizizi huipunguza kasi, ardhi ya mchanga huinywa polepole, na maji hutokea tena chemchemi. Maji ya chemchemi ya Marere huletwa kwa mabomba hata Mombasa. Basi huenda maji tutawadhiayo yamepita chini ya mti wa hondohondo.

Kwa hiyo akataye mti wa hifadhi kwa siri achome makaa, na ayanunuaye akijua, na aachaye mfereji wa msikiti ukimwagika, wote watatu wamo katika israfu moja. Mtume S.A.W. alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Tena ametufunza kuwa Mwislamu apandapo mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka.

Wengine husema: "Mvua ni ya Mungu, ataileta." Ni kweli, lakini ndege aliyepigiwa mfano wa tawakkul na Mtume wetu hutoka asubuhi na njaa, akarudi jioni ameshiba. Hakukaa tunduni akingoja.

Basi na tufunge mifereji yetu, tusinunue makaa ya wizi, na kila nyumba yenye kiwanja ipande mti kabla ya masika. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuchunga amana. Amin.