Maji Tohara na Maji Salama: Je, Ni Kitu Kimoja?

Watu wengi katika miji yetu ya pwani, wakiulizwa juu ya maji ya kisima cha mtaani kwao, hujibu upesi: ni safi, hayana rangi wala harufu, na wazee wetu waliyanywa. Jawabu hili latoka katika darasa za fikihi, ambako twafunzwa kwamba maji yaliyofika kulateni, yaani kiasi cha lita 200 hivi, hayawi najisi kwa kuingiwa na uchafu mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hukumu hiyo ni sahihi katika madhehebu ya Imamu Shafi, wala hatuna haja ya kuigusa. Lakini ni hukumu ya udhu na josho. Haikuwekwa kumwambia mtu kwamba hataharisha.

London, mwaka 1854, palikuwa na kisima cha pampu katika mtaa wa Broad Street kilichosifiwa kwa utamu wa maji yake, hata mjane mmoja aliyehamia Hampstead alikuwa akiagiza aletewe. Maji hayo ndiyo yaliyomuua kwa kipindupindu. Tabibu John Snow aliulizia nyumba za waliokufa, akaona kwamba wengi walikunywa hapo, na mpini wa pampu ukaondolewa. Shimo la uchafu lilikuwa karibu mno na kisima. Ulimi na pua havikufaa kitu.

Na sisi twakaa juu ya matumbawe. Mwamba huu una nyufa, na maji ya chooni hupita humo upesi bila ya kuchujwa, na mara nyingi choo cha shimo na kisima vi katika kiwanja kimoja.

Basi mwenye kisima asiyejua, je, ana lawama? Zamani labda hakuwa nayo. Leo maji hupimwa: hutiwa katika chupa iliyotakaswa, huwekwa penye baridi, na hufikishwa maabara kabla ya saa 24. Katika mililita 100 haitakiwi kuonekana E. koli hata mmoja, kijidudu ambacho makazi yake ni matumbo ya watu na wanyama. Asiyejua kwa kutotaka kujua si sawa na aliyekosa njia.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta juu kukavu na ndani kumerowa. Muuzaji akasema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua; alilaumiwa kwa kuificha. Auzaye maji kwa mkokoteni na alitafakari hilo.

Wako wasemao: mkivifunga visima maskini atakunywa nini, na mfereji hukaa siku kadha haukutoa maji? Hoja hii ni nzito, kuliko ile ya wazee. (Wazee tuwaonao ndio walionusurika, waliozikwa wangali watoto hawahesabiwi.) Lakini hatukusema vifungwe. Maji yaliyoonekana na vijidudu yafaa udhu na kufulia. Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe klorini kwa kipimo na kungojwa nusu saa. Ila chumvi na naitreti haziondoki kwa kuchemsha, na naitreti ikipita miligramu 50 kwa lita yahofiwa kwa watoto wachanga wa maziwa ya chupa.

Gharama ya kupima ni ya nani? Kwa kisima cha wakfu, twaona itoke katika mapato ya wakfu, kabla ya rangi ya ukuta na mazulia, kwani aliyekiweka alikusudia kunywesha watu. Na jawabu la maabara libandikwe pale pale kisimani, kwa Kiswahili, pamoja na tarehe yake.