Mtoto Aliyetupa Mgongo



Mwaka jana nilibandika picha ya Handala kwenye kompyuta yangu. Ni yule mtoto wa Kipalestina mwenye nguo za viraka na miguu mitupu, aliyetupa mgongo na kuishika mikono yake kwa nyuma. Mwenzangu wa chumbani, aliyekimbia vita Kivu Kaskazini akiwa na miaka tisa na kukulia kambini hapa Uganda, aliniuliza huyo ni nani. Nilimweleza kwa kirefu. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Ndugu yangu, tumelala chumba kimoja miaka miwili. Mbona hujawahi kuniuliza kijiji chetu kinaitwaje?"

Nilikosa jibu. Tangu siku hiyo najiuliza: je, ni haki kuipenda picha ya mateso ya mtu, ilhali mwenye mateso hatumwoni?

Tuangalie kwanza picha hizi zilitoka wapi. Ismail Shammout alifukuzwa katika mji wake wa Lydda mwaka 1948 akiwa kijana. Mwaka 1953 alichora mzee anayetembea na watoto, mmoja amembeba begani, akauita mchoro huo "Kwenda Wapi?" Hakuhitaji kubuni kitu, kwani njia ile aliipita kwa miguu yake. Naji al-Ali, mchoraji wa Handala, naye alitoka kwao mwaka huohuo akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, akakulia kambi ya Ain al-Hilweh, Lebanon. Ndiyo maana Handala ana miaka kumi daima: alisema hatakua mpaka arudi kwao. Al-Ali alipigwa risasi London mwaka 1987, akafariki. Mtoto wake wa karatasi bado hajarudi.

Mgawanyiko huo uliingia hata kwenye rangi. Intifada ya kwanza ilipoanza mwaka 1987, Sliman Mansour, Vera Tamari, Nabil Anani na Tayseer Barakat waliamua kutonunua vifaa vya uchoraji kutoka Israel. Wakatumia walichokuwa nacho: udongo, ngozi, hina, mbao. Udongo wa Mansour ulipokauka ulipasuka, naye akaiacha mipasuko ile iwe sehemu ya kazi. Nchi iliyokatwakatwa ikaonekana kwenye kitu chenyewe, wala si kwenye mchoro tu.

Wapo watakaosema: basi msanii wa watu waliofukuzwa hana budi kuchora jeraha siku zote. Mimi nasita. Tukimtaka msanii atuletee kilio tu, tunamnyima haki tunayojipa sisi, ya kuchora ua, harusi au mama anayepika. Mkimbizi si jeraha. Ni mtu mwenye jeraha.

Wengine watasema tuziache kabisa picha hizi, zisigeuke pambo. Hapo pia sikubali. Aliyechora alitoa ushahidi, na ushahidi ni amana. Ukishaupokea huwezi kusema hukujua. Kosa langu halikuwa kubandika picha. Nilidhani kuibandika kunatosha.

Sasa nadhani naelewa kwa nini Handala hatuonyeshi uso. Tukisimama nyuma yake, tunatazama kule anakotazama yeye. Hajaja ili tumhurumie. Anatuelekeza macho, na macho yakishajifunza kuona dhuluma ya mbali, hayana udhuru wa kutoiona iliyo kitanda cha pili.

Jioni moja nilimuuliza mwenzangu jina la kijiji chao. Alinitajia, kisha akachukua karatasi ya mtihani wa zamani, akachora nyuma yake: barabara, kisima, shule, nyumba yao. Alisita kidogo kwenye mlango, hakukumbuka ulitazama upande gani. Akauacha bila kuuchora.

Karatasi hiyo ninayo. Sijaibandika popote.

Wallahu a'lam.