Je, Utenzi Una Dini?

Mwaka 1728, huko Pate, Bwana Mwengo aliandika Utenzi wa Tambuka, kisa cha vita kati ya jeshi la Mtume na Herkali, mfalme Mkristo wa Warumi wa Mashariki. Ni miongoni mwa tungo kongwe zaidi za Kiswahili zilizotufikia zikiwa na tarehe. Zaidi ya karne mbili baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wabenedikto wa Ndanda, kusini mwa Tanganyika, walichapa utenzi mwingine. Vipande ni vile vile, mizani ni ile ile, ila safari hii anayesimuliwa ni Yesu wa Nazareti. Mtunzi wake alikuwa Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa, Mkatoliki.

Umbo lililowahi kusifu ushindi wa Waislamu dhidi ya mfalme wa Kikristo sasa likawa limebeba Injili yenyewe.

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917, mbali na bahari na mbali na madrasa za pwani. Kiswahili hakikuwa lugha aliyonyonya. Alifanya kazi za serikali, kwanza ukarani, baadaye za mahakama, na katikati ya kodi na kesi akapata wasaa wa kuandika kwa wingi unaostaajabisha. Mwaka 1954 alitoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo. Mwaka 1963 Diwani ya Mnyampala. Mwaka 1965 Waadhi wa Ushairi. Utenzi wa Enjili Takatifu, ule uliochapwa Ndanda, na Utenzi wa Zaburi ni vya miaka hiyo hiyo. Aliaga dunia mwaka 1969, na Ngonjera za UKUTA, kitabu ambacho wengi waliosoma Tanzania katika miaka ya 1970 wanakikumbuka kwa sababu walilazimika kusimama mbele ya shule na kukiigiza, kilitoka baada ya kifo chake.

Ngonjera, mashairi hayo ya kuigizwa, ndizo zilizompa jina. Lakini tenzi zake mbili za dini ndizo zinazouliza jambo zito zaidi, nalo ni hili: je, umbo la shairi lina imani? Mtu akichukua bahari hii ya ushairi iliyolelewa misikitini na katika nyumba za masharifu wa Pate na Lamu, akaitilia maneno ya Kristo, amechukua chombo kitupu, au amebeba na kilichokuwamo?

Wako wanaosema umbo ni chombo tu. Wako pia wanaosema utenzi ni wa Kiislamu tangu shina hadi tawi, na Mkristo akiushika amevaa kanzu ya jirani. Majibu yote mawili ni mepesi mno.

Tuanze na hili la pili. Muda mrefu kabla Mnyampala hajazaliwa, washairi wa pwani walikuwa wameshawatungia tenzi Ayubu na Yusufu. Watu hawa wamo katika Kurani na wamo katika Biblia, lakini hawamo kwa namna moja. Katika mapokeo ya Kiislamu mkewe Ayubu ana jina, Rehema, naye ndiye anayemuuguza mumewe wakati wengine wote wamemkimbia. Katika Biblia mwanamke huyo hana jina, na maneno machache aliyopewa ni ya kumkatisha tamaa mgonjwa. Vipande vinne vya mizani minane vingeweza kumbeba mke yeyote kati ya hao wawili bila kulalamika. Aliyeamua ni kisa kipi kisimuliwe ni mtunzi na dini yake, bahari haikuulizwa.

Basi je, wa kwanza wameshinda? Hapana. Umbo lina adabu zake, na adabu hizo zina kumbukumbu. Mtunzi wa utenzi wa zamani hakurukia kisa. Alianza kwa jina la Mungu na kumhimidi, mara nyingi akaagiza karatasi na wino mzuri, akaomba msamaha kwa udhaifu wake, ndipo akaingia kwenye habari. Mwishoni wengi walitaja jina lao, mwaka, hata idadi ya beti, wakawaomba wasomaji dua. Ukiingia katika umbo hili unaingia katika desturi inayodai kwamba kutunga ni ibada, na kwamba mtunzi ni mja kabla hajawa fundi. Mkatoliki hana ugomvi na dai hilo. Anayeweza kuwa na ugomvi nalo ni asiyeamini kitu, na kwake yeye utenzi kweli una dini.

Wamisionari walilijua tatizo hili na wakalikabili kila mtu kwa njia yake. W. E. Taylor wa Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, aliketi na Mwalimu Sikujua kukusanya tungo za mshairi Muyaka, na yeye mwenyewe akatunga mashairi ya Kikristo kwa bahari za pwani. Karl Roehl, Mjerumani, alikwenda upande wa pili kabisa: Biblia yake ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1937, ilijitahidi kuyaondoa maneno yenye asili ya Kiarabu, kana kwamba Uislamu ungeweza kufagiliwa kutoka katika lugha kwa ufagio wa msamiati. Biblia ya mwaka 1952, ile iliyokuja kuenea makanisani, haikufuata njia hiyo. Mnyampala naye, robo karne baada ya Roehl, hakuishia kuyapokea maneno. Alichukua jengo zima.

Na jengo hili lina masharti. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kimoja mizani 8. Vitatu vya kwanza vina kina chao, cha nne kina kina kinachokwenda hivyo hivyo kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata beti zikifika maelfu. Sasa chukua Injili uitie humo. Waandishi wake wanne, Mathayo, Marko, Luka na Yohana, hawakai katika kipande kimoja: hata ukimbana Marko awe na mizani 2, jumla yao ni 10. Yerusalemu peke yake unakula 5 kati ya 8. Galilaya ni nusu kamili ya kipande, na mtunzi aliyechagua kumalizia kwa -ya anapata Galilaya na Isaya bure, lakini atawalipia kila anapomtaja Petro. Kazi ya namna hii haifanywi na mtu anayetafuta chombo cha kupakilia mahubiri. Maneno yanavutana na kipimo kila mstari, na katika mvutano huo mtunzi analazimika kuamua lipi katika habari ni la lazima na lipi linaweza kuachwa. Hapo ndipo tafsiri inapogeuka kuwa tafakuri ya dini.

Linganisha na nyimbo za makanisani za wakati ule. Nyingi zilikuwa maneno ya Kiswahili yaliyovalishwa tuni za Ulaya, na mkazo wa Kiswahili, ambao hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, ukasukumwa huku na huko na muziki usioujua. Waumini waliimba wakikaza silabi ambazo hakuna mtu angezikaza sokoni. Na Misa yenyewe, mpaka mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ilisomwa Kilatini. Mkatoliki wa Dodoma aliyetaka kumsikia Kristo akizungumza kwa mwendo wa lugha ya watu hakuwa na mahali pengi pa kwenda. Inawezekana kuuliza kwa nini Mnyampala hakwenda kwenye nyimbo za Wagogo wenzake, zenye sauti nyingi na utajiri usio na mfano nchini. Jibu moja ni kwamba nyimbo hizo ni za Ugogo, naye alikuwa akiitungia nchi.

Kuitungia nchi kulikuwa na maana mahususi. Mshairi wa Kiswahili wa kizazi kile hakukaa peke yake chumbani akingoja sifa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na shairi likitoka humo lilikuwa limekwenda mtihani. Mtu wa Tanga anauliza, wa Tabora anajibu, wa Unguja anawacheka wote wawili kwa vina. Wengi walijipa lakabu. Kosa la mizani lilionekana na kila msomaji, na aliyekosea aliambiwa waziwazi kwamba ametunga guni. Mnyampala alipenda uwanja huo kiasi cha kuchapisha kitabu kizima cha malumbano ya ushairi. Aliwahi pia kuongoza UKUTA, Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, pamoja na watu kama Saadan Kandoro, Mwislamu na mmoja wa waanzilishi wa chama cha TANU.

Swali la dini lilitatuliwa katika mikutano ya chama hicho na katika kurasa za gazeti lile zaidi ya lilivyotatuliwa kwenye hoja. Mkatoliki alisimama mbele ya Waislamu na tungo yake, nao wakafanya kile ambacho mshairi wa Kiswahili hufanya kwanza: wakahesabu mizani. Ikitimia, mazungumzo yanaendelea. Wanaodharau mikutano ya washairi kuwa ni mahali pa kupigiana makofi hawajui kwamba pale ndipo mtu alipopewa au kunyimwa haki ya kuitumia bahari.

Kuna ushahidi wenye nguvu zaidi hata kuliko wa Mnyampala, nao ni Kaluta Amri Abedi. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa mhubiri wa jumuiya ya Kiislamu ya Ahmadiyya, kisha meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na waziri wa sheria. Alishiriki kuitayarisha tafsiri ya Kurani ya Ahmadiyya iliyochapishwa mwaka 1953, tafsiri iliyowakasirisha masheikh wengi wa Kisunni. Kwa upande wa Kisunni, Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Zanzibar alitoa tafsiri yake kamili mwaka 1969. Kwa hiyo Amri alikuwa mtu ambaye Uislamu wake wenyewe ulikuwa na wapinzani miongoni mwa Waislamu. Lakini mwaka 1954 alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na kitabu hicho kikawa rejea ya watunzi wa madhehebu yote. Masunni waliomkatalia tafsiri walimkubalia vina. Mtu akitaka kujua kama sheria za ushairi na sheria za imani ni kitu kimoja, hapo ana jibu lake.

Hata hivyo, kusema umbo halina dini si kusema linafaa kila kitu. Hapa Mnyampala anastahili kukosolewa. Utenzi ni mwendo wa kusimulia. Hauchoki, hausimami, na unamtaka msikilizaji aulize kilichofuata. Injili ni masimulizi, kwa hiyo utenzi uliipokea kwa urahisi kama ulivyokipokea kisa cha Ayubu. Zaburi, zote 150, ni jambo jingine. Mtu analia, analaani, anashukuru, anaomba kisasi, kisha ghafla anatulia. Mstari wa Kiebrania huwa na nusu mbili, ya pili ikiirudia ya kwanza kwa maneno mengine, na mvuto wake umo katika marudio hayo. Ukikitia kilio hicho katika vipande vya 8-8-8-8, na kina kimoja kikirejea mwisho wa kila ubeti, hasira na furaha zinatembea kwa hatua moja. Shairi la tarbia, lenye mishororo mirefu iliyokatika katikati kuwa ukwapi na utao, lingekuwa karibu zaidi na pumzi ya Zaburi, na Mnyampala alilimudu vizuri. Alichagua utenzi, nadhani kwa sababu utenzi ndio uliokuwa na heshima ya dini. Yaani pale umbo lilipompoteza, lilimpoteza kwa sifa yake.

Mwalimu Nyerere, Mkatoliki mwingine wa bara, alikuja kuipita njia hiyo hiyo. Katika miaka ya 1960 alimtafsiri Shakespeare. Mwaka 1968 aliwataka washairi wasaidie kulieleza Azimio la Arusha, na ngonjera za Mnyampala ni sehemu ya jibu lao. Akiwa amestaafu alirudi kwenye Maandiko, na mwaka 1996 Ndanda ikachapisha tenzi zake za Injili nne na Matendo ya Mitume. Vitabu vyote vitano alivyovichagua ni vya masimulizi.

Atakaye kuipima hukumu hii asitosheke kusoma kimya. Autafute Utenzi wa Ayubu na Utenzi wa Enjili Takatifu, aruke beti zenye majina na zile za kufungulia, kisha aghani beti ishirini za kila mmoja mbele ya rafiki asiyejua zimetoka wapi, na amuulize zipi ni za msikitini na zipi ni za kanisani.