Insafu Huanza na Sikio

Suala la kugawa akili unde kwa watoto wadogo huulizwa aghalabu kama suala la hesabu: nani anacho chombo, na nani hana? Mtoto wa darasa la awali wa mjini Unguja huenda akachezea kishikwambi cha mzazi wake; mwenziwe wa Igunga, mkoani Tabora, pengine hajapata kukishika. Mpeni naye, huambiwa, insafu itimie. Je, itatimia?

Tanga imetupa somo. Katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyomalizika mwaka 2019, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vya kujifundishia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vilivyochajiwa kwa umeme wa jua. Wengi wao hawakuwa wamekwenda shule kamwe, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi ya wasiojua kusoma ilipungua kwa nusu. Basi chombo kinaweza kumfikia mtoto asiyefikiwa na mwalimu.

Lakini kumfikia mtoto si kumsikia. Mojawapo ya programu tano zilizoingia fainali, RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, ilikusudiwa pia kumsikiliza mtoto asomapo kwa sauti. Hapo ndipo suala la insafu linapokuwa zito. Kinyamwezi na Kisukuma, lugha za nyumbani za watoto wengi wa Igunga, hazitenganishi *l* na *r* kama Kiswahili kitenganishavyo. Mtoto huona “karamu” akatamka “kalamu”. Mwalimu anayemjua humuuliza maana; akijibu kuwa ni chakula cha harusini, mwalimu hutambua kuwa amesoma. Mashine iliyofunzwa kwa sauti za pwani peke yake itamhesabia kosa, na kumrudisha nyuma kila siku, kwa upole usiochoka. Mwenziwe wa Unguja, kwa chombo kile kile, atasonga mbele. Wamepewa sawasawa, lakini hawakutendewa sawa.

Sisi wa visiwani jambo hili linatuhusu. Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, nasi hujivunia hilo. Lakini Kiswahili kilikwenda bara na misafara, na mabega yaliyoibeba misafara hiyo yalikuwa aghalabu ya Wanyamwezi. Mpagazi wa kukodiwa aliujua uzito wa pembe. Faida yake aliihesabu mwingine. Lugha hiyo ikirejea kwa vitukuu vyao ndani ya mashine isiyoitambua sauti yao, tutakuwa tumewatwisha mzigo wa pili.

Wapo watakaosema kuwa mtoto sharti afundishwe matamshi sahihi. Ni kweli, na wakati wake upo. Lakini mtoto wa miaka mitano hakuja darasani kunyooshwa ulimi; amekuja kugundua kuwa herufi zinasema naye. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu vishikwambi vya kupelekwa Igunga, tuulize ni sauti ngapi za Igunga zilizosikilizwa, kwa ridhaa ya wazazi, wakati vikitengenezwa. Na tuulize kama mwalimu wa awali amepewa uwezo wa kuitengua hukumu ya mashine. Chombo kisichokubali kusahihishwa na mwalimu hakistahiki kumsahihisha mtoto.