Uwanja Usio na Mashabiki

Maandiko: 1 Samueli 17:34–37, Mathayo 6:6, 1 Timotheo 4:7–8

Najua hapa kanisani tuna Arsenal, tuna Manchester, na tuna wale ambao mpira hawautazami kabisa. Ninyi wa Manchester msigeuze ukurasa. Neno la leo ni la wote.

Mwaka 1999 Arsenal walimuuza mshambuliaji wao kijana, Nicolas Anelka, kwa Real Madrid. Walikuwa wamemnunua kwa kama pauni 500,000, wakamuuza kwa zaidi ya milioni 20. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo swali langu la kwanza ni: ile faida ilienda wapi? Sehemu yake ilijenga kituo cha mazoezi kule London Colney, nje ya jiji, chenye viwanja 10. Kabla ya hapo walikuwa wakifanyia mazoezi kwa uwanja wa chuo kikuu, mali ya wenyewe.

Sasa sikiza. Highbury, walipokuwa wakichezea mechi, paliingia watu kama 38,000. London Colney hakuna tiketi, hakuna makofi. Kwa hesabu ya haraka utasema pesa imezikwa. Lakini msimu wa 2003/2004 walicheza mechi 38 za ligi bila kushindwa hata moja: walishinda 26, wakatoka sare 12. Watu waliona matokeo siku ya mechi. Kazi ilikuwa imefanywa mahali wasipoingia.

Daudi naye alikuwa na uwanja wake wa mazoezi. Sauli alipomdharau, hakuonyesha cheti. Alitaja simba na dubu. Ni nani alimpigia makofi siku ya simba? Kondoo! Goliathi alianguka mbele ya majeshi mawili, lakini imani iliyomwangusha ilikomaa porini. Ndiyo maana Yesu anatuambia tuingie chumbani na kufunga mlango, kwa kuwa Baba huona sirini.

Niruhusuni niseme langu. Mwaka jana kuna miezi nilihubiri hapa mkasema amina, na chumba changu cha maombi kilikuwa kimefungwa. Mahubiri niliyapanga Jumamosi usiku, simu mkononi. Jumatano moja, saa tano usiku, mama mmoja wa hapa akanipigia kutoka hospitali. “Pasta, mtoto amezidiwa. Niombee hapa hapa kwa simu.” Nikafungua mdomo, yakatoka yale maneno ya madhabahuni mnayoyajua. Nilijisikia mwenyewe kwamba ni matupu. Mama akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuomba yeye. Aliomba mpaka nikalia.

Huyo mama hajawahi kushika maikrofoni hapa. Lakini kila siku saa kumi alfajiri yuko magotini kabla ya kwenda sokoni. Siku ya mechi yake ilifika usiku, bila taarifa, na ikampata tayari. Mimi ilinipata nikiwa nimevaa jezi tu. Mtoto alipona, asante Yesu, na sijidanganyi kwamba ni kwa sababu ya sauti yangu.

Mpendwa, tunawekeza sana kwa Jumapili: suti, vyombo vya muziki, viti. Si dhambi. Lakini fungua kitabu chako cha hesabu leo. Wiki ina saa 168. Ngapi zinaenda mahali ambapo hakuna anayekuona ila Mungu? Paulo anamwambia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo, bali utauwa unafaa kwa maisha haya na yale yajayo. Hiyo ndiyo faida isiyoisha.

Wiki hii, kila asubuhi, dakika 20. Simu ibaki chumba kingine. Usimwambie mtu.

Tuombe: Bwana, tusamehe kwa kupenda makofi. Turudishe chumbani, utufunze huko, ili siku ya taabu isitukute watupu. Katika jina la Yesu. Amina.