Khabari ya Maji: Nani Asadikiwe?



Bomba la mafuta litokalo Mombasa hupita Nairobi na Nakuru, kisha hufika Eldoret, na huko yako matangi makubwa ya kuyahifadhi. Kwa hivyo watu wa mtaa wa Munyaka, ingawa wako mbali na bahari, wameunganishwa na watu wa pwani kwa chuma kilichozikwa ardhini. Swali lililoletwa katika darasa letu la Munyaka ni hili: bomba likipasuka na mafuta yakaingia visimani, kisha mwenye duka akatuuzia maji ya chupa na kutuambia kuwa ni salama, je, yafaa kumsadiki? Na tukimsadiki, ni kwa hoja gani?

Hili si jambo la kuwaza tu. Mwezi wa Mei mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka katika bomba la Mombasa na Nairobi, mahali paitwapo Thange, upande wa Kibwezi katika Kaunti ya Makueni. Bomba hilo lilikuwa likifanya kazi tangu mwaka 1978. Mafuta yakaingia mtoni na visimani, na watu waliokuwa wakinywa, wakinywesha wanyama na kumwagilia mashamba yao, wakawa hawana maji ya kuyaamini. Hukumu ya mahakama huko Makueni ya kuwalipa fidia wenyeji hao ilitoka mwaka 2025. Miaka kumi ni muda mrefu kwa mtu kukaa akiutazama mto wake naye hajui kama ni rafiki au adui.

Sasa natuangalie asili ya mas'ala. Kila aliyesoma vitabu vya fikihi alianza na mlango wa maji, naye akafunzwa alama tatu za kuyajua maji yaliyobadilika: rangi, ladha na harufu. Alama hizi zatosha katika jambo zilizowekewa, nalo ni tohara. Lakini sumu za viwandani ni jambo jengine. Madini ya risasi yakiyeyuka majini hayana rangi, wala ladha, wala harufu. Benzini, ambayo ni moja katika vitu vilivyomo ndani ya petroli, yaweza kudhuru ikiwa ndogo mno hata pua isiitambue. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 0.01 katika lita moja ya maji, kwa risasi na kwa benzini kadhalika. Ni ulimi gani utakaoonja kiasi hicho? Wala kuchemsha hakuiondoi risasi. Maji hupungua kwa mvuke, nayo risasi hubaki pale pale.

Basi hapa ndipo ulipo uzito wa jambo. Zamani mtu aliyajua maji yake kwa kuyaona. Leo anayajua kwa kuambiwa. Maji yamekuwa khabari. Anayeinunua chupa hanunui maji peke yake, bali ananunua na neno la mtu asiyemjua, aliyeko mahali asipopajua, kwamba yaliyomo ndani hayatamdhuru yeye wala mtoto wake. Na pindi jambo linapokuwa khabari, hukumu yake huwa ni hukumu ya khabari: ni nani aliyeileta, na ameileta vipi?

Wanazuoni wetu hawakuliacha swali hili. Imam Nawawi katika Minhaj amelitaja kwa ufupi, na maana yake ni hii: mtu ambaye khabari yake hukubaliwa akikwambia kuwa maji fulani yamenajisika, utamtegemea ikiwa ameeleza sababu, au ikiwa ni fakihi wa madhehebu yako. Na walioufafanua mlango huo wakaeleza kuwa mwenye kukubaliwa ni mwadilifu, hata akiwa mwanamke au mtumwa. Ama fasiki hakubaliwi. Ndugu msomaji, yatazame masharti haya mawili. La kwanza ni uadilifu, si cheo wala mali. La pili ni kutaja sababu.

Kwa nini sababu itajwe? Kwa kuwa watu hutafautiana katika kile wanachokihesabu kuwa kibaya. Mmoja aweza kusema maji yameharibika kwa jambo ambalo kwako haliharibu, na mwengine akayaita mazuri kwa kipimo ambacho kwako hakitoshi. Na kuna hikima nyengine ndani yake: neno tupu la kwamba maji ni salama au si salama halina mahali pa kushikwa, msikilizaji hana ila kulikubali lote au kulikataa lote. Lakini ukitajiwa sababu, umepewa kitu cha kupima. Wewe ukishindwa kukipima, yuko mwengine atakayeweza, naye akiona kasoro atasema. Kutaja sababu ni kujitoa mbele za watu ili uhakikiwe, na mtu akikataa kujitoa hivyo hana haki ya kulalamika kuwa hakuaminiwa.

Tazama yaliyoipata kampuni ya Perrier ya Ufaransa mwaka 1990. Maji yake yalisifika duniani kuwa ni safi. Wapimaji wa Marekani wakakuta benzini ndani ya chupa. Kampuni ikasema kosa ni la mtu mmoja, aliyetumia dawa ya kusafishia mashine katika njia ya chupa za Marekani tu. Kisha benzini ikaonekana katika chupa za Ulaya pia, na hapo ikasemwa kuwa vichujio vya gesi penye chemchemi havikubadilishwa kwa wakati wake. Chupa milioni 160 zikarudishwa. Wakuu wa Marekani wenyewe walisema kiasi kile hakikuwa na khatari ya papo kwa papo. Basi kilichowaondosha watu ni nini? Ni ile sababu iliyogeuka. Chupa ilisamehewa, ulimi haukusamehewa.

Na Januari 2014, katika mji wa Charleston katika jimbo la West Virginia, Marekani, kemikali ya kusafishia makaa ya mawe ilivuja kutoka tangi la kampuni ikaingia mto Elk, na watu kiasi cha 300,000 wakaambiwa wasinywe maji ya mfereji. Maji yalinuka mithili ya urukususu. Chupa zikagawiwa. Baada ya siku chache wakuu wakaanza kutangaza kuwa maji ya mfereji yamekuwa mazuri. Mara wakasema kuwa wanawake wenye mimba waendelee na maji ya chupa. Kisha kampuni ikafunua kuwa kulikuwa na kemikali ya pili ambayo haikuitaja. Je, ni ajabu kwamba wengi waliendelea kuyaogopa maji hayo hata baada ya ruhusa? Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza, kwa njia ngumu, kuwa msemaji wao husema nusu.

Ama Tokyo, Machi 2011, baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, wakuu walitangaza kuwa katika maji ya mtambo mmoja wa mji wamepima iodini yenye mionzi bekereli 210 kwa lita. Kuwa mpaka wa watoto wachanga ni 100 na wa watu wazima ni 300. Basi wachanga wasipewe. Wakagawa chupa kwa nyumba zenye wachanga. Siku ya pili kipimo kikashuka hadi 79, wakaiondoa amri. Watu walishtuka na maduka yakamalizika maji, ni kweli. Lakini mzazi alijua ni nini, ni kiasi gani, na ni khatari kwa nani. Neno "salama" peke yake halijibu swali la salama kwa nani.

Huenda mtu akasema: watu wa kawaida hawafahamu hesabu hizi, na kuwaambia kila kitu ni kuwatia khofu, ni afadhali wakuu wanyamaze mpaka mambo yatulie. Rai hii ina sura ya huruma, lakini ndani yake mna dharau. Khofu haizuiliki kwa kunyamaza; hubadilisha mlango tu, ikaingia kwa uvumi. Na uvumi hauna mwenyewe wa kuulizwa. Isitoshe, aliyefichwa mara moja kwa ajili ya "maslaha yake" hatasadiki tena hata siku atakayoambiwa kweli tupu, na siku hiyo huenda ndiyo siku ya kuokoka kwake.

Wala si mara zote mkuu ndiye ajuaye. Hapo hapo Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kilikuwako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichoanza mwaka 2007 kikafungwa mwaka 2014. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani humo, alipomwona mwanawe mchanga mgonjwa akapimwa, ilipatikana risasi mwilini mwake. Alisema, na alitaja sababu. Ilichukua miaka mpaka mahakama ikaamuru, mwaka 2020, fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wanakijiji. Hukumu ikatenguliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo mwaka 2024. Kwa kipimo cha mafakihi, mwanamke yule tangu siku ya kwanza alikuwa na masharti yote mawili. Aliyekosa masharti ni yule aliyesema "hapana neno" bila ya kupima.

Lakini na upande wa pili una makosa yake. Wako watu ambao wakisikia tu kuwa chupa fulani ina kasoro, huisambaza khabari hiyo kabla ya kuuliza imetoka kwa nani, na riziki ya mtu asiye na hatia ikaharibika. Msingi wa mafakihi ni kuwa jambo la yakini haliondolewi na shaka. Maji ambayo hayakufikwa na ajali hubaki katika asili yake, wala hayaharamishwi na mnong'ono. Ila msingi huu usigeuzwe kuwa kificho: bomba likishapasuka, kuvuja ndiyo yakini, na usalama ndio unaohitaji ushahidi. Mwenye kudai usalama hapo ndiye mwenye kudaiwa hoja.

Basi anayeambiwa kuwa maji ni salama baada ya ajali na aulize mambo matatu. Kwanza: ni nani aliyeyapima, naye ni mtu mbali na yule apataye faida kwa kuyauza? Pili: yalipimwa lini, na yalitekwa wapi, kabla ya ajali au baada yake? Kwani maji mengi ya chupa hutoka katika ardhi ile ile tuchimbayo visima. Tatu: ni kitu gani kilichotafutwa, na kilionekana kiasi gani? Mtambo wa mwangaza huua vijidudu lakini haugusi risasi wala benzini. Na kichujio cha mkaa huishika benzini, lakini kikishiba huiachilia. Alama ya Shirika la Viwango la Kenya ina faida yake, na nambari ya kibali huweza kuhakikiwa kwa kupeleka ujumbe wa simu kwa 20023. Lakini kibali hukujulisha mwenye chupa. Hakikwambii yaliyomo katika chupa ya leo baada ya ajali ya jana.

Na mwenye duka ambaye hakupima, asiseme "ni salama". Na aseme: "Nimeyanunua kwa fulani, na zaidi ya hapo sijui." Neno "sijui" likiwa ni kweli, nalo ni amana iliyotekelezwa.

La mwisho, na ndilo zito zaidi. Chupa ni kimbilio la mwenye pesa. Katika Munyaka kama katika Owino Uhuru, wako wasioweza kuinunua kila siku. Mwenye uwezo akishahamia katika chupa, akaona yake yametengenea, kisima cha jirani hukosa mtetezi, na anayepaswa kujibu hupumua. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa swali la maji limekwisha akishapata maji yake. Haki ya kuambiwa kweli ni ya mtaa mzima, na wa kwanza kuidai awe yule ambaye sauti yake husikilizwa.