Kitabu Mkononi mwa Asiye na Kazi

Anayetafuta kazi kwa muda mrefu hupewa nasaha za kila aina, na mojawapo ni kwamba asome, atapata moyo. Nasaha hiyo hutolewa kwa wepesi hata ikaonekana kejeli. Bahasha za kaki zimetembezwa ofisi kwa ofisi, simu haiiti, na tangazo jipya linadai uzoefu wa miaka mitatu kwa kijana aliyehitimu mwaka jana. Kurasa za kitabu zitamfaa nini? Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kusifu vitabu. Ninaloshikilia mimi ni kwamba kusoma humtia moyo mtafuta kazi pale kunapomsaidia kutenga mambo mawili ambayo ukosefu wa kazi huyavuruga yakawa kitu kimoja: utu wake na jibu la mwajiri. Kitabu kinachomhakikishia kwamba kazi ipo njiani kinatoa ahadi ambayo hakina uwezo wa kuitimiza, na ahadi hiyo ikishindwa, msomaji huvunjika moyo mara ya pili.

Tuanze na ushahidi unaoelekea kunipinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichunguza maisha ya Marienthal, kijiji kilicho karibu na Vienna nchini Austria, ambako kiwanda cha nguo kilichotegemewa na wakazi kilikuwa kimefungwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1933. Mtu angedhani watu waliopata muda mwingi hivyo wangejaa maktaba. Kinyume chake, vitabu vilivyoazimwa vilipungua kwa karibu nusu kati ya 1929 na 1931, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imefutwa. Wanaume walitembea polepole kuliko zamani na kusimamasimama njiani, kwani hapakuwa na pa kuwahi. Kwa hiyo asiyesoma wakati hana kazi tusimwite mvivu. Kazi inapoondoka huchukua na ratiba ya siku, na huchukua pia ile imani ya mtu kwamba anachokifanya kina maana kwa wengine. Hilo ndilo jeraha, na moyo unaotafutwa vitabuni hauna budi kuligusa hapo hapo.

Yako maandiko yanayoligusa. Katika Kitabu cha Ayubu, rafiki watatu wanakuja kumfariji mtu aliyepoteza kila kitu. Wanakaa naye chini siku saba bila kusema neno, na huo ndio wakati waliomfaa zaidi. Wanapofungua vinywa, wanamtafutia kosa: haiwezekani mtu ateseke hivi bila kuwa na dhambi. Ni hoja ile ile anayoisikia mhitimu nyumbani, kwamba pengine hajitumi, anachagua kazi, au ana mkosi. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakemea rafiki hao, si Ayubu aliyelalamika. Msomaji haambiwi lini dhiki yake itakwisha. Anaonyeshwa kwamba dhiki si hati ya hukumu.

Sura ya Yusuf ndani ya Qurani inakwenda mbali zaidi. Yusuf, akiwa gerezani bila hatia, anamwomba mfungwa anayekaribia kutoka amtaje kwa bwana wake. Yule anatoka, anasahau, na Yusuf anabaki ndani miaka kadhaa. Nani aliyewahi kuahidiwa kufikishiwa jina kwa mkubwa fulani asiyeielewa aya hiyo? Lakini mfalme anapomwita hatimaye, Yusuf hakimbilii mlango. Anamrudisha mjumbe na kutaka kwanza shauri lake lichunguzwe, jina lake lisafike. Ndipo anapoomba kusimamia hazina za nchi, akitaja sifa zake mbili: ni mlinzi na ni mjuzi. Aliomba cheo, naam, ila hakusubiri cheo kimpe heshima.

Wapo watakaosema kwamba simulizi hizi zina mwisho mwema, hivyo nazo ni ahadi tu. Ni kweli zinaweza kusomwa vibaya, na baadhi ya mimbari huzisoma hivyo: vumilia leo, kesho utakuwa waziri. Wengi waliosubiri hawakupata uwaziri wala hawataupata. Anayetaka kunufaika azisome kuanzia katikati, pale ambapo wahusika wenyewe hawajui mwisho. Wengine watasema faraja ya dini huwafanya vijana wanyamaze badala ya kudai ajira na usaili wa haki. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama Ayubu angenyamaza, au kama Yusuf angetoka gerezani bila kudai uchunguzi. Na atakayesema kitabu hakishibishi amesema kweli. Nauli ya kwenda kwenye usaili haitoki kwenye aya, na mwenye uwezo wa kumpa mtafuta kazi nauli asimpe aya badala yake.

Marienthal inabaki na somo moja la mwisho. Mlango wa maktaba kuwa wazi bila malipo hautoshi kumrudishia mtu hamu ya kusoma. Darsa la msikitini baada ya alasiri, au jumuiya ndogo ndogo inayokutana kusoma Injili, humpa asiye na ajira saa ya kuwahi, kiti kinachomngoja na watu wanaoulizia asipofika. Basi tusimkabidhi kijana kitabu na kwenda zetu; tukae tusome naye. Naye aendelee kutuma maombi, akijua kwamba barua ya kukataliwa inazungumzia nafasi moja katika ofisi moja, na mwajiri aliyeitia saini hana mamlaka ya kusema zaidi ya hapo.